Mwano, Mgambo na Sungusungu: Historia ya Neno la Kuzuia Uhalifu Usukumani

Maneno tunayoyatumia katika kazi za umma hayashuki kutoka mbinguni. Yanazaliwa katika shughuli za watu, na shughuli hizo zikibadilika maana nayo hubadilika, hata kama sauti ya neno imebaki ile ile. Kada anayekwenda kijijini bila kulijua jambo hili anaweza kuzungumza na wananchi saa nzima kwa neno moja, kila upande ukielewa la kwake, na mwisho wa mkutano wote wakapiga makofi. Katika makala hii tunalichunguza neno moja la namna hiyo, neno sungusungu, kama lilivyotumika na linavyotumika Bariadi na katika wilaya nyingine ambazo tangu mwaka 2012 zinaunda Mkoa wa Simiyu: Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Hatufanyi hivyo kwa mapenzi ya kamusi. Nyuma ya neno hili liko swali la madaraka, yaani kazi ya kuzuia uhalifu ni ya nani, na anayeifanya anawajibika kwa nani.

Katika lugha ya ofisi, kuzuia uhalifu hutajwa kwa pumzi moja na kukamata, kupeleleza na kuadhibu, kana kwamba zote ni kazi moja. Si kazi moja. Kukamata, kushitaki na kufunga huja baada ya ng'ombe kwisha kuibiwa na damu kwisha kumwagika. Hizo ni kazi za vyombo vya dola, nazo zina askari wake, mahakimu wake na magereza yake. Kuzuia huja kabla. Ni ile hali ambayo mwizi, akiwa bado nyumbani kwake, anapiga hesabu na kuona kwamba safari haina faida. Hali hiyo haitengenezwi na askari wawili wa kituo kilicho mbali kwa mwendo wa siku nzima. Hutengenezwa na majirani. Kwa hiyo anayetaka kujua ni neno gani lililobeba maana ya kuzuia katika Usukuma asianze na polisi. Aanze na yowe.

Mwano

Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi huliita yowe la hatari mwano. Tangu enzi za watemi, mwano ukilia kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka na silaha yake, awe ana ng'ombe au hana, awe anampenda aliyepiga yowe au hampendi. Aliyebaki kitandani alikuwa na la kujibu asubuhi. Alitozwa faini, na zaidi ya faini alianza kutazamwa kama mshirika wa mwizi. Waliotoka walifuata nyayo za ng'ombe hadi mpaka wa kijiji chao, na hapo watu wa kijiji kilichofuata walipokea kazi na kuiendeleza. Katika utaratibu huo hapakuwa na walinzi upande mmoja na wanaolindwa upande mwingine. Mtu yule yule alikuwa mlinzi jana na mlindwa leo. Ndiyo maana neno mwano halikuwa jina la kikundi chochote. Lilikuwa jina la tendo, na tendo lilikuwa la wote.

Tusidanganyike lakini kwamba enzi za watemi zilikuwa peponi. Mtemi alikuwa mtawala, na sehemu ya jasho la watu ilikwenda kwake. Mwingereza alipowafanya watemi kuwa watumishi wake wa mshahara, wale wale waliosimamia mwano ndio waliokusanya kodi ya kichwa na kutekeleza amri za kupunguza mifugo, amri zilizochukiwa Usukuma nzima katika miaka ya 1950. Chama cha TANU kilipigwa marufuku Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na sababu mojawapo ni kwamba chuki ya wakulima na wafugaji dhidi ya amri hizo ilikuwa imekwisha kupata msemaji. Mamlaka ya watemi yalipofutwa mwaka 1963, basi, uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini haki hiyo ilikuja na pengo ambalo wakati ule halikuonekana. Hatukuufuta mwano, watu waliendelea kupiga yowe. Tulichokifuta ni mamlaka ya mtu aliyekuwa na jukumu la kuuliza, kesho yake, nani hakutoka. Kiongozi wa nyumba kumi kumi alitarajiwa aulize swali hilo. Mahali pengine aliuliza. Mahali pengi alikuwa na barua za kugonga mhuri.

Hapa tulitazame neno jingine, kwa sababu historia yake inafanana na ya neno letu na inalifungulia njia. Mgambo, katika Kiswahili cha zamani, hakuwa mtu. Mgambo ulikuwa wito wa hadhara, tangazo lililopigwa kwa baragumu ili watu wote wakusanyike. Ndiyo maana methali inasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa wiki chache baada ya Serikali ya Milton Obote kupinduliwa nchini Uganda, ulisisitiza kwamba ulinzi wa taifa ni kazi ya umma mzima, na sheria ya Jeshi la Mgambo ikafuata mwaka 1973. Jina lilichaguliwa vizuri. Lakini leo mwanafunzi wa mjini akisikia neno mgambo hafikirii baragumu wala umma. Anafikiria kijana mwenye sare na rungu anayemkimbiza mama muuza maandazi. Wito kwa wote umegeuka kuwa cheo cha wachache. Tuuweke mfano huu akilini tunaporudi Usukumani.

Hali iliyozaa sungusungu

Sungusungu haikuzuka kwa sababu Wasukuma wana asili ya ukali, kama wavivu wa kufikiri walivyowahi kusema. Ilizuka kwa sababu za kimaisha, na sababu hizo zinaweza kuhesabiwa.

Ya kwanza ni ng'ombe wenyewe. Kwa familia ya Bariadi ng'ombe ni benki, ni mahari, ni jembe la kukokotwa na ni akiba ya mwaka wa njaa. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani na fedha ya pamba ikawa haina cha kununua, thamani ya akiba ya zizini ilizidi. Na ng'ombe wa zizi moja mara nyingi si wa mtu mmoja. Ni desturi mwenye wengi kuwawekesha kwa jirani au ndugu mwenye wachache, naye akanywa maziwa na kutumia samadi. Mwizi akivunja zizi la tajiri, basi, anavunja pia maisha ya kabwela aliyekuwa akimtunzia. Jambo hili linaeleza kwa nini hata wasio na mifugo walikubali kukesha, ingawa halifuti ukweli kwamba mwenye ng'ombe 200 alipata ulinzi mkubwa kuliko mwenye wawili, na kwa usiku ule ule wa kukesha.

Ya pili ni jiografia. Upande wa mashariki, Bariadi na Meatu zimepakana na mbuga na mapori ya hifadhi ya Serengeti na Maswa. Kundi la ng'ombe likivushwa huko usiku mmoja, asubuhi nyayo zake zimekwisha kuchanganyika na za nyumbu.

Ya tatu ni silaha. Vita vya kumng'oa Idi Amin, vya mwaka 1978 hadi 1979, viliacha bunduki mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Mwizi aliyezoea upinde akaja na risasi, na unyang'anyi barabarani na majumbani ukaongezeka.

Ya nne inatuhusu sisi zaidi. Mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, maelfu ya kaya za Usukuma zilihamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika zikapangwa kwa mistari. Shule na zahanati zilisogea karibu, na faida hiyo hatuikani. Lakini mwano unategemea jirani anayezijua ng'ombe za jirani kwa rangi na kwa pembe, na anayejua mgeni wa nani amelala wapi. Ujirani wa namna hiyo hauhamishwi kwa lori siku moja. Ulihitaji miaka kuota tena, na mwizi hakusubiri.

Kisha kuna jambo ambalo makala nyingi hulipita kimya, nasi hatutalipita. Mwaka 1976 iliendeshwa operesheni ya kukomesha mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambao wakati ule uliijumlisha Bariadi. Mamia ya washukiwa walikamatwa. Wengine waliteswa, na wengine walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Mambo yalipofichuka, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 akibeba dhamana ya kisiasa kwa makosa ya walio chini yake, na viongozi wengine waliachia ngazi pia. Tendo lile limesifiwa kwa haki kama mfano wa uwajibikaji. Lakini mwanakijiji wa Usukuma hakuliona jambo hilo kutoka Dar es Salaam. Yeye aliona kwamba chombo kilichotumwa kuzuia mauaji kilikuwa kimeua, na kwamba baada ya chombo hicho kurudi nyuma hapakuwa na kingine kilichokuja mahali pake. Wezi walipokamatwa na kupelekwa kituoni walirudi baada ya siku chache, wengine kwa kukosekana ushahidi, wengine kwa sababu ambazo kila mtu alizijua na hakuna aliyeziandika.

Jina na maana yake

Ndipo, kati ya mwaka 1981 na 1982, katika vijiji vya mpaka wa Kahama na Nzega, watu walianza kujipanga upya. Katika muda mfupi mpango huo ulienea Unyamwezi na Usukuma, Maswa na Bariadi zikiwemo. Wanaume wa kijiji walikula kiapo, walishika pinde na mishale, walipewa filimbi ya kupokezana mwano, na mara nyingi walipewa dawa ya kinga na mganga. Waliotajwa kuwa wezi waliitwa mbele ya mkutano, wakatakiwa kukiri, kurudisha mali na kulipa faini. Aliyekataa alitengwa: hakupewa moto, hakuchota maji pamoja na wenzake, hakusaidiwa kuzika. Katika nchi ambayo mtu hajengi nyumba wala kuvuna peke yake, adhabu hiyo ilitisha kuliko jela.

Mpango ulikuwa na majina mawili, na majina hayo hayana maana moja. Sungusungu, kwa Kiswahili, ni chungu wakubwa weusi wanaouma sana na wanaokwenda kwa misafara. Mmoja unamponda kwa kidole, msafara unauhamia. Jina hili linamtazama adui. Linamwambia mwizi kitakachompata. Jina la pili, ambalo wenyewe Wasukuma walilipenda, ni basalama, na kazi yao ni busalama. Neno salama lilifika bara pamoja na Kiswahili, likavikwa viambishi vya Kisukuma, likawa la nyumbani. Waandishi wa Kiswahili wakaliandika Wasalama. Jina hili halimtazami adui hata kidogo. Linamtazama jirani, na linasema hali inayotafutwa, yaani watu walale.

Kwa maoni yetu jina la pili ndilo lililobeba maana ya kuzuia, na la kwanza lilibeba maana ya kushambulia. Kwamba taifa zima lililichukua la kwanza na kulisahau la pili si jambo dogo. Lilikuwa rahisi kutamka, lilifaa magazeti, lilitia hofu. Viongozi wanaopenda matokeo ya haraka hulipenda jina la chungu kuliko jina la amani.

Ndani ya sungusungu vilirudi pia vyeo ambavyo makada walidhani vimezikwa. Mkuu wa kijiji wa kazi hiyo aliitwa ntemi, na wazee walikaa katika baraza lao. Wapo wenzetu waliolia kwamba ni ukabila na urejeshaji wa utawala wa jadi karibu miaka 20 baada ya kuufuta. Kilio hicho kilitazama kofia, hakikutazama kichwa. Ntemi wa sungusungu hakurithi kiti kwa baba yake. Aliwekwa na mkutano, na mkutano uliweza kumwondoa. Watu walichukua neno la zamani kwa sababu lilikuwa na heshima ambayo neno mwenyekiti, kwa wakati ule na mahali pale, lilikuwa limekwisha kuipoteza. Lawama ya hilo haikuwa ya Wasukuma.

Chama, polisi na mahakama

Dola haikuwa na kauli moja. Polisi na mahakimu waliona watu wasio na kibali wakikamata, wakihukumu na kuchapa, wakawashitaki viongozi wa sungusungu kwa unyang'anyi, kwa kujeruhi na kwa mauaji. Uongozi wa juu wa Chama, akiwemo Mwenyekiti Julius Nyerere, uliona jambo jingine: wakulima wamejipanga wenyewe kulinda mali yao, bila posho, katika kipindi ambacho urasimu ulikuwa umechoka. Uliwaunga mkono na ukahimiza wasibughudhiwe. Hivyo kiongozi wa sungusungu aliweza kusifiwa jukwaani na kulala mahabusu katika mwezi mmoja.

Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, na tangu mwaka 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani. Jaji James Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Mwanza, aliitumia nafasi hiyo kuhoji uhalali wa sungusungu: mtu anawezaje kuhukumiwa na wanaomtuhumu, bila wakili na bila rufaa? Hilo si swali la kibepari, kama mmoja wetu alivyosikika akisema. Ni swali ambalo mtu aliyetengwa kwa kosa asilolitenda angeliuliza kwa lugha yoyote.

Jibu la Serikali lilikuwa la kisheria. Mwaka 1989, Mwinyi akiwa Rais, sheria za mgambo zilirekebishwa ili ziwajumuishe sungusungu na kuwapa uwezo wa kukamata. Mwaka uliofuata Augustine Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani, aliihimiza sungusungu nchi nzima, hata mitaani Dar es Salaam. Sisi tunaiona miaka hiyo miwili kuwa ndiyo mahali neno lilipogeuka. Kabla yake, kuwa sungusungu ilikuwa kutoka mwano unapolia. Baada yake, ilikuwa kuwa na mamlaka ya kukamata. Huko mjini, ambako majirani hawakujuana na hapakuwa na ng'ombe wa kufuata nyayo, wajibu uligeuka kuwa mchango: mwenye fedha alilipa, asiye nayo alikesha, na anayerudi nyumbani usiku kutoka zamu ya kiwanda alijikuta akijieleza mbele ya rungu. Lile lililoupata mgambo liliipata na sungusungu. Tendo la wote likawa cheo.

Bibi mwenye macho mekundu

Tungeweza kuishia hapo, na makala ingekuwa na mwizi upande mmoja na wananchi upande wa pili. Lakini katika Usukuma kuna mtu wa tatu.

Kati ya mwaka 1970 na 1984, Tanzania Bara, watu zaidi ya 3,600 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao Usukumani. Wengi walikuwa wanawake, na wengi wa wanawake hao walikuwa wazee. Moja ya dalili zilizotajwa dhidi yao ilikuwa macho mekundu. Tuitazame dalili hiyo kama watu wanaoamini kwamba kila jambo lina chanzo chake duniani. Sehemu kubwa za Shinyanga ya zamani zilifyekwa miti tangu enzi za ukoloni, kwa kumpiga vita mbung'o na kwa kupanua mashamba ya pamba. Kuni zilipokwisha, wanawake walipikia samadi kavu na mabua ya pamba. Mwanamke aliyeinama juu ya moshi huo miaka 50 ana macho mekundu. Mwenye macho hayo alikuwa pia, mara nyingi, mjane mwenye kipande cha shamba ambacho ndugu wa mume walikitamani.

Je, sungusungu walimlinda? Mahali pengine uhasama ulipungua kwa sababu tuhuma zilitolewa hadharani badala ya kumalizwa kwa panga usiku. Lakini mahali pengi mkutano ule ule uliomtaja mwizi ulimtaja pia mchawi, na kiapo kile kile kilichorudisha ng'ombe kilimfukuza bibi kijijini. Wapo waliofukuzwa wakafia njiani au walikokimbilia. Kwa watu waliokusanyika, zote mbili zilikuwa kazi moja: kuondoa hatari. Neno busalama liliwameza wote wawili, mwizi na bibi.

Kada asilikimbie jambo hili kwa kusema ni ujinga wa wanavijiji. Kasoro iko katika utaratibu wenyewe. Wizi wa ng'ombe una nyayo, zizi lililovunjwa na mnyama anayetambuliwa kwa alama. Uchawi hauna nyayo. Mkutano wa majirani ni chombo kizuri cha kupima nyayo na chombo kibaya sana cha kupima hofu. Palipokuwa na ushahidi wa macho, umma ulizuia uhalifu. Pasipokuwa nao, umma uliutenda, na bibi yule hakuwa na mahali pa kupigia mwano, kwa sababu waliotakiwa kuitikia ndio waliosimama mlangoni pake.

Mwaka 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipoenea Kanda ya Ziwa, Serikali yenyewe iliendesha kura za siri ili wananchi wawataje wauaji na majambazi. Waliofahamu historia tuliyoieleza walishtuka kidogo. Kura ya siri ya kutaja jina si jambo geni Usukumani. Kura hiyo ina faida ya kumlinda anayetaja. Ina hasara kwamba anayetajwa hajui ametajwa kwa nyayo au kwa macho yake.

Neno linavyoishi

Tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi limeleta maneno mapya: polisi jamii, ulinzi shirikishi. Ni maneno yenye nia njema, lakini shirikishi ni neno la mwenye shughuli anayemkaribisha mwingine ndani. Katika mwano hakuna aliyemshirikisha mwenziwe. Vijijini Bariadi watu husikia ulinzi shirikishi, huitikia, kisha wakiwa peke yao husema sungusungu.

Na neno hilo halijafa, wala halijabaki la kuchapa watu tu. Huko Meatu na kwingineko, mkutano wa jadi unaoitwa dagashida umetumika kutunga amri za kuhifadhi ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, na sungusungu wamekuwa wakizisimamia. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kurudisha miti katika eneo kubwa kwa sehemu kwa sababu ulikuta taasisi hizo ziko hai na ukazitumia badala ya kuzidharau. Hapa kazi ya kuzuia inaonekana wazi kuliko popote. Mchungaji haingizi ng'ombe katika ngitili ya mwenziwe kwa sababu anajua ataonekana, na anajua ataulizwa na watu atakaowahitaji kesho. Tena, kuni zinaporudi karibu na nyumba, moshi wa samadi hupungua. Sijui kama waliopanda miti walilifikiria hilo, sisi tunalifikiria.

Nje ya mipaka yake neno limepata sura nyingine. Wakurya wa Tarime waliiga mpango huu kwa ajili ya wizi wao wa mifugo, na mwaka 1998 ulivuka hadi wilaya ya Kuria nchini Kenya. Kwa Wakisii wa Kenya jina hilo hilo lilikuja kuhusishwa na vikundi vilivyolaumiwa kwa kuua washukiwa na kutumiwa katika ugomvi wa kisiasa. Na Wasukuma wenyewe, walipohama na mifugo yao kutafuta malisho Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, waliibeba sungusungu pamoja na fimbo na vibuyu vyao. Kule wanaita filimbi ikilia ni busalama, maana ni majirani wanaojuana tangu Bariadi na Maswa. Mkulima mwenyeji, ambaye mpunga wake umekanyagwa jana, anaisikia filimbi ile ile na kuona jeshi la wageni. Hajaalikwa katika kiapo, jina lake halimo katika daftari la faini, na akipiga yowe lake kwa lugha yake hana uhakika ni nani atatoka.